Mrefu na Mnene

Jumanne hiyo Mama Maziwa alivunja glasi moja kabla ya saa tatu, akajiunguza kidole, akampa mteja chenji ya mtu mwingine. Mwenyewe alisema ni mkono tu umekataa kazi. Wateja waliokaa kwenye benchi mbele ya kibanda walijua si mkono. Karani wa shule alikuwa amekuja kuchukua maziwa ya walimu kama kawaida yake, na kabla hajainua trei alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza hali ya hewa, "Mama Maziwa, ukimaliza nenda kamwone mshauri. Mtoto wako ameanguka."

"Ameanguka wapi?" Mama Maziwa aliuliza, na tayari aproni ilikuwa imefika kichwani, anaivua.

"Kwenye mtihani, mama. Hajaumia."

Benchi zima likashusha macho kwenye glasi. Watu wa benchi wana adabu zao: habari mbaya ya mwenye kibanda huisikiliza kwa makini huku wakijifanya wanapuliza povu.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa kuingia darasa la kwanza. Zamani mtoto aliingia shule kwa kufikisha umri na kung'oka jino. Siku hizi kulikuwa na mshauri, binti mmoja aliyetoka chuoni na begi la vikombe, wanasesere na karatasi, ambaye alimwita kila mtoto peke yake akamuuliza mambo. Aliyejibu vizuri alipata dawati. Aliyeshindwa alipelekwa kitengo, kule ng'ambo ya mji, kwenye jengo lenye wavu madirishani, ambako watoto walifundishwa polepole. Waliotoka huko waliitwa wazito mpaka wakaota ndevu. Mtaa ule ulikuwa na mzito wake mmoja. Alikuwa mtu mzima, fundi rangi hodari, mwenye mke na watoto, na bado watu walimtajia bei mara mbili mbili, kama mtu asiyeelewa.

Na huyo aliyeanguka alikuwa Bosi, binti yake. Jina hilo alipewa na baba yake, maana tangu hajajua kutembea alikaa juu ya kreti nyuma ya meza ya kibanda na kutazama watu wakinywa. Sasa alikuwa na miaka sita na nusu. Alijua nani anataka sukari na nani amekatazwa na daktari lakini anataka vilevile. Mama Maziwa hakuwahi hata siku moja kulala akiwaza akili ya mtoto yule. Aliwaza mengine, kodi, mbu, meno, lakini si akili.

Kibanda kiliuza kitu kimoja tu, maziwa ya moto, kwa glasi za aina mbili. Moja ilikuwa fupi, pana, nzito mkononi. Wateja waliiita Mnene. Nyingine ndefu, nyembamba, yenye kiuno. Hiyo ndiyo Mrefu. Mrefu alikuwa na bei ya juu kidogo, na yeyote aliyetaka asionekane amebana mkono aliagiza Mrefu. Karani alichukua Warefu kumi na wawili kila siku ya shule. Hao kumi na wawili ndio walioishikilia nyumba, maana viatu alivyoshona mumewe pembeni ya soko vilitosha mboga na sabuni, basi.

Tuseme na lile lisilosemwa. Mrefu na Mnene walibeba maziwa sawasawa. Miaka miwili nyuma, Wanene wengi walipovunjika, Mama Maziwa alinunua glasi ndefu kutoka kwenye hoteli iliyokuwa inafungwa. Asubuhi ya kwanza tu mteja akasema, "Nipe kile kirefu, kina mengi, nitaongeza." Siku hiyo alirudi nyumbani, akajaza Mnene maji, akayamimina kwa Mrefu, akayarudisha, mara tatu. Halikuzidi tone wala halikupungua tone. Bosi, wa miaka minne wakati huo, alikuwa sakafuni miguuni pake, kidole mdomoni, akiyatazama maji yanavyohama. Mama Maziwa hakuwa mwongo. Hakuna siku aliyofungua kinywa akasema Mrefu ana mengi. Aliwaacha tu waseme wenyewe.

*

Mshauri hakuwa na ofisi. Walimpa kona katika ofisi ya karani, nyuma ya kabati la mafaili, meza moja na viti vitatu, kimoja cha mtoto. Kwa hiyo kila alichokisema kilipita juu ya kabati na kuanguka masikioni mwa karani, ambaye alikuwa anapiga chapa polepole kuliko kawaida.

"Mama, usikasirike," mshauri alianza.

"Sijakasirika." Mama Maziwa alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, kisigino kinapiga sakafu chenyewe.

"Nilimimina maji kwenye vikombe viwili vinavyofanana. Nikamuuliza, ni sawa? Akasema ni sawa. Halafu nikachukua kimoja, mbele ya macho yake, nikakimimina kwenye chombo kirefu. Nikamuuliza, sasa kipi kina maji mengi? Akasema kirefu."

"Labda hakusikia."

"Nilirudia mara tatu."

Mama Maziwa alihisi uso unapata moto. Kati ya maswali yote ya dunia hii, binti huyu alikwenda kuchagua hilo.

"Watoto hupita hatua," mshauri aliendelea, naye kwa kweli alisema kwa upole. "Mtoto mdogo hushindwa na macho yake. Akiona maji yamepanda juu anadhani yameongezeka. Akikua, akili inayashinda macho. Wenzake wengi wameshavuka. Yeye bado yuko upande ule. Na mtoto wa upande ule ana jambo jingine, hawezi kujiweka mahali pa mwenzake. Anachokiona yeye anadhani ndicho kila mtu anachokiona. Hapa pia nimemwekea alama." Akaonyesha kiboksi kwenye fomu, kilichotiwa mkwaju wa kalamu nyekundu.

"Mwalimu, huyu mtoto anajua mteja anataka sukari kabla mteja hajaketi."

"Hilo ni zuri, mama. Lakini fomu haina swali la sukari."

Nyuma ya kabati karani akacheka. "Mzidishie maziwa, Mama Maziwa," alisema. "Labda ubongo nao utashiba."

Na Mama Maziwa akacheka pia. Alicheka kwa sababu ya Warefu kumi na wawili, na kicheko hicho kilimkaa kooni siku nzima kama kidonge kilichomezwa bila maji.

"Kanuni inaruhusu kurudia mara moja," mshauri alisema. "Ijumaa, saa nne. Uje naye, ukae hapa hapa, labda hataogopa sana. Akishindwa tena, itabidi niandike barua ya kitengo."

*

Jumatano benchi lilikuwa na walimu kuliko shule.

"Mtoto ni fimbo," alisema mshona magodoro. "Mimi nilijua hesabu kwa matako haya."

"Na mpaka leo unakosea chenji," alisema msusi. "Mtoto ni pipi. Akijibu sawa, pipi. Akikosea, hapati. Hata mbwa wa polisi wanafunzwa hivyo hivyo, na wanakamata majambazi."

"Bosi si mbwa."

"Nimesema mfano, jamani."

Fundi rangi alikuwa mwisho wa benchi na Mnene wake. Hakuna aliyemuuliza. Alipomaliza aliileta glasi mwenyewe mpaka mezani, akasema kwa sauti ya chini, "Kule wanafundisha vizuri, Mama Maziwa. Wanafundisha kwa subira kuliko hapa. Shida ni ukishatoka." Akaweka hela yake, kamili, akaenda zake. Mama Maziwa alisimama na kitambaa mkononi, akapangusa sehemu moja ya meza mpaka rangi ikaanza kutoka.

Jioni hiyo alifunga mapema. Nyumbani aliweka Wanene wawili na Mrefu mmoja juu ya meza, akamwita mtoto. Mumewe alikuwa mlangoni, kiatu cha mtu gotini, uzi mdomoni.

"Bosi, njoo. Tazama hapa. Haya maji na haya, ni sawa?"

"Sawa."

"Vizuri. Sasa namimina haya kwa Mrefu. Tazama vizuri, usiangalie dirishani. Sasa wapi kuna mengi?"

Bosi akamtazama mama yake kama mtu anayeulizwa jina lake mwenyewe. "Ni sawa tu."

Mama Maziwa akakaa. "Kwa nini sawa?"

"Ukiyarudisha yanafika palepale. Wewe si ulirudisha mara tatu."

"Lini?"

"Zamani. Ulikuwa umevaa gauni la kijani."

Kule mlangoni sindano ilisimama. Mumewe akatoa uzi mdomoni. "Huyo ndiye mnayempeleka kitengo?"

"Sasa mbona kwa mwalimu ulisema kirefu kina mengi?" Mama Maziwa aliuliza. Sauti ilikuwa imepanda bila idhini yake. "Mara tatu. Umenidhalilisha mara tatu. Kwa nini?"

Bosi alikuna doa kwenye meza kwa ukucha. "Nilisema tu."

"Nilisema tu ndiyo nini?"

"Mwache," alisema mumewe. "Ameogopa. Mtoto ni kama kiatu kipya, ukikilazimisha kinatoa malengelenge. Mpe nafasi."

"Nafasi ipo mpaka Ijumaa saa nne."

Basi hakumwacha. Alimimina akarudisha, akamimina akarudisha, kwa maji, kwa mchanga, kwa maharage, na kila mara Bosi alijibu sawa, sawa, sawa, mpaka neno likachakaa. Alhamisi alimwamsha na swali hilo kabla hajanawa uso. Alimwahidi pipi, baadaye kidogo alimwahidi mwiko. Mtoto alijibu sawa kwa pipi na sawa kwa mwiko. Hilo lingemtuliza mtu mwingine yeyote. Mama Maziwa lilimtia wazimu, maana mtoto asiyejua unaweza kumfundisha, lakini mtoto anayejua na akakosea, utamshika wapi?

Alhamisi mchana, wakiwa wanasuuza glasi, Bosi ndiye aliyeuliza. "Mama, kesho anti wa ofisi atakuwepo?"

"Karani? Atakuwepo, ofisi si ni yake. Kwa nini?"

"Basi tu."

"Unamwogopa?"

Bosi akafikiri, akainua mabega. Na hapo Mama Maziwa akaona mwanga. Kumbe ndiyo hiyo. Mtoto anamwogopa karani, na nani asingemwogopa, na mdomo ule. Moyo ukamtulia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Dawa ya karani aliijua. Ilikuwa inachemka mbele yake.

*

Ijumaa saa nne kasorobo waliingia ofisini, Mama Maziwa mbele, Bosi nyuma katika gauni la kwenda mjini. Mkononi mama alibeba Mrefu mmoja aliyejaa mpaka mdomoni, amefunikwa kisahani.

"Dada, karibu maziwa," alimwambia karani. "Leo Mrefu wa bure."

"Wa bure? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Moyo tu."

"Haya. Mungu akuzidishie." Karani akayanywa yangali moto, akaacha mstari mweupe juu ya mdomo. Alikuwa mchangamfu sasa, hata kiti akakisogeza ili aone vizuri upande wa pili wa kabati. Mama Maziwa alijipongeza. Hakuona kwamba Bosi alikuwa ameikazia macho ile glasi.

Mshauri alipanga vikombe viwili vifupi. Akamimina maji kwa uangalifu, akainama mpaka jicho likalingana na meza. "Bosi, hivi ni sawa?"

"Sawa."

"Safi." Akapapasa begi, halafu akasita. "Leo tubadilishe chombo. Watoto wengine hukariri nyumbani." Alimtazama mama kidogo, mama akatazama dari. "Dada, umemaliza? Naomba hiyo glasi yako."

Karani akaisuuza kwa maji ya jagi, akaipitisha juu ya kabati. Na hivyo ndivyo Mrefu wa kibandani, mwenye alama ndogo ya ufa kwenye kitako ambayo Bosi alikuwa ameipitisha kidole mara elfu, alivyotua mbele yake. Mshauri akamimina. Maji yakapanda, yakapita kiuno, yakakaribia juu.

"Sasa niambie. Wapi kuna maji mengi zaidi? Au ni sawa?"

Kisigino cha Mama Maziwa kilikuwa kinapiga sakafu. Sema, mwanangu. Neno moja tu, ulilolisema mara mia mbili.

"Kwa Mrefu," alisema Bosi.

"Una hakika?"

"Mrefu ana mengi."

Karani akacheka kule kwake. "Hata mimi ningejibu hivyo. Si ndiyo maana namnunua?"

Mshauri hakucheka. Alichukua kalamu nyekundu, akaifungua. Mama Maziwa aliona jengo la wavu, aliona njia ya kwenda kule, mabasi mawili na kuvuka uwanja, aliona binti yake ana miaka thelathini na mtu anamtajia bei mara mbili. Hasira ilimpanda. Alitaka kumshika mtoto mabega, amtikise, neno lile lianguke lilikokwama. Akageuka kumkazia jicho.

Bosi hakuwa anaitazama glasi. Alikuwa anamtazama karani. Alimtazama kwa makini, kuhakikisha ameridhika, na alipoona ameridhika akamgeukia mama yake na kungoja, uso umetulia, kama anavyongoja akishafikisha trei mezani bila kumwaga tone.

Na Mama Maziwa akakumbuka.

Ilikuwa mwaka uliopita, asubuhi yenye watu. Mteja mmoja alikuwa anapekua mifuko, hela hazitoshi Mrefu, na Bosi kutoka kwenye kreti yake akamwambia kwa sauti ya kengele, "Chukua Mnene, ni sawasawa tu." Watu walicheka. Mama Maziwa alicheka nao, akapeleka mkono chini ya meza, akaishika nyama ya mkono wa kushoto wa mtoto, upande wa ndani, akafinya, akaendelea kufinya mpaka mteja alipoondoka. Kisha akainama. "Ya hapa husemi mbele ya mteja. Hata akuulize nani." Alama ilikaa siku nne. Mama Maziwa alikuwa ameisahau. Mwenye kucha husahau upesi kuliko mwenye ngozi.

Kisigino kilisimama. Tangu Jumanne hakikuwa kimesimama.

"Bosi," alisema. "Mwambie mwalimu unachokijua."

Mtoto akatikisa kichwa.

"Sema tu. Nakuruhusu."

Bosi akateremka kitini, akamwendea mama yake, akamvuta sikio. Alinong'ona, lakini watoto hunong'ona kwa pumzi nyingi, na ofisi ilikuwa ndogo. "Mama, anti anasikia."

Kalamu ikasimama. Na chapa nazo, zilizokuwa zimeanza tena, zikasimama.

"Nasikia nini?" aliuliza karani.

Bado palikuwa na njia. Mama Maziwa aliiona, pana na nyepesi: acheke, aseme watoto bwana, amchukue binti yake, amtafutie shule nyingine. Kumi na wawili wangebaki. Paa lingebaki. Aliutazama ule mkono mdogo uliomshika sikio, upande wa ndani, palipokuwa na alama, sasa hapana kitu.

"Mwache asikie," alisema. Akasimama, maana hili halikuwa la kusema umekaa. "Mrefu na Mnene ni sawa, dada. Wanabeba maziwa yaleyale, tangu siku ya kwanza. Mwalimu, mtoto hakukosea. Anajua tangu ana miaka minne. Mimi ndiye niliyemkataza kusema mbele ya mteja, na siku ya mtihani mteja alikuwa hapa hapa."

Nje kengele ya mapumziko iligonga, watoto wakamwagika uwanjani.

Mshauri alimwinamia Bosi. "Ni kweli?"

Bosi alimtazama mama yake, mama akaitikia kwa kichwa, ndipo akakubali. Akamchukua Mrefu kwa mikono miwili, akayarudisha maji kikombeni. "Ona. Palepale." Kisha, kwa kuwa mwalimu alionekana bado anangoja, akamweleza vizuri. "Yeye ni mrefu kwa sababu ni mwembamba. Ukimnenepesha anashuka."

"Sasa kwa nini ulinijibu vile?"

"Anti hununua Warefu," Bosi alisema kwa sauti ya chini, ya heshima, kama mtu asiyetaka kumsema mwenzake aliyepo. "Hajui. Akijua atakasirika, halafu mama atakosa mteja."

Mshauri akaitazama fomu yake. Alikitafuta kile kiboksi cha Jumanne, kile cha kujiweka mahali pa mwenzake, akaanza kuufuta mkwaju mwekundu. Hakuwa na kifutio cha wino. Akaukwangua kwa ukucha mpaka karatasi ikatoboka, na alipoona imetoboka akaandika pembeni, mistari mingi, akageuza upande wa pili akaendelea. Masikio yake yalikuwa yameiva.

"Jumatatu," alisema hatimaye. "Darasa la kwanza. Saa moja na nusu awe hapa, na daftari mbili."

Mama Maziwa akamchukua Mrefu wake mezani. Ilimbidi apite mbele ya karani kuufikia mlango.

Karani alikuwa amejifuta mdomo. "Miaka miwili," alisema.

"Miwili."

"Kumi na wawili kila siku. Na walimu hunirudishia hela wao wenyewe, Mama Maziwa. Mimi ndiye ninayewaambia chukueni Mrefu, ana mengi."

"Nisamehe, dada."

"Na huu wa leo wa bure? Ulikuwa wa nini?"

Mama Maziwa alisimama na glasi mkononi, mtu mzima, mbele ya mtoto wake, akatazama viatu. Mumewe alikuwa amevitia kiraka juzi tu.

"Jumatatu msinisubiri," alisema karani, na akarudi kwenye chapa zake.

*

Walirudi kwa njia ya nyuma ya shule, ndefu kidogo lakini haina watu. Mama Maziwa alitembea haraka, kichwani Warefu wanapungua mmoja mmoja. Bei itabidi iwe moja. Leo hii, kabla karani hajafika benchini kwa miguu yake. Mshona magodoro atasema lake, msusi atasema yake, wengine watahama. Atamwambia nini mwenye nyumba? Furaha ilikuwepo pia, aliihisi mahali fulani, lakini haikuwa imepata pa kukaa.

"Mama, nimefaulu?"

"Umefaulu, mwanangu."

"Sasa walimu watakunywa wapi?"

"Sijui."

Walikwenda hatua kadhaa. Ndipo akagundua kwamba Bosi hatembei kandoni mwake. Alikuwa hatua mbili pembeni, karibu na ukuta, na mkono wake wa kushoto ameuficha nyuma ya mgongo.

"Mkono umeumia?"

"Hapana."

"Mbona unauficha?"

Bosi akatazama ukuta. "Nimesema mbele ya mteja."

Mama Maziwa alisimama. Kulikuwa na machozi tangu ofisini na sasa yakashuka, hakuyazuia, hapakuwa na mtu. Akachuchumaa pale pale njiani, akamweka Mrefu chini kwenye vumbi, akanyoosha kiganja.

"Sikufinyi. Sikufinyi tena. Njoo."

Bosi alikitazama kile kiganja. Akamtazama mama yake usoni, kwa makini, vile alivyomtazama karani. Kisha akasogea hatua moja, akampa mkono ule mwingine.